Wenye Bidii ya Dini na Moto wa Kanungu

Mwaka 2025, siku chache baada ya mauaji ya Komanda, tulikuwa na mkutano wa makatekista hapa Marabo. Wasomaji wetu wajua yaliyotokea. Katika usiku wa kuamkia Dominika tarehe 27 Julai, askari wa ADF waliingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, wakawakuta Wakristu wakikesha katika sala, wengi wao vijana. Waliua watu zaidi ya 30. Komanda na Marabo ni barabara moja, na wengine kati ya makatekista wetu walikuwa na jamaa kule. Basi siku ile hatukuweza kusema sana juu ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza, ijapokuwa ndiyo tuliyoitiwa.

Katekista mmoja mzee akasimama, akasema: «Padri, watu wale wanasema wanamwabudu Mungu. Wanafunga, wanasali. Je, kwetu sisi Wakristu mtu anaweza kufika pale? Mimi nasema hapana. Mkristu akisali sana, anakuwa mwema tu.» Wote wakaitikia. Sisi hatukuitikia, wala hatukukataa. Tulimwambia mzee yule kwamba tutamjibu siku nyingine. Kwa kweli neno lake lilituchoma, kwa sababu tutakazozisema mbele kidogo.

Yatupasa kwanza kusema neno juu ya jina. Watu wengi hufikiri kwamba wafondamantalisti ni jina la Waislamu fulani. Sivyo. Jina hili lilizaliwa Marekani, tena kati ya Wakristu. Tangu mwaka 1910 mpaka 1915 Waprotestanti wa kule walichapisha vitabu vidogo 12 juu ya misingi ya imani: ukweli wa Biblia, kuzaliwa kwa Bwana wetu kwa Bikira, ufufuko wake, na mengine. Tajiri mmoja wa mafuta wa California, Lyman Stewart, alilipa gharama, na vitabu vikatumwa bure kwa wachungaji na wamisionari. Mwaka 1920 Curtis Lee Laws, mwenye gazeti la Wabatisti, akawapa watu wa upande wake jina lile, naye alilitoa kama sifa. Mengi waliyoyatetea, sisi nasi tunayaungama kila Dominika katika Nasadiki. Kwa hiyo kushika misingi ya imani si kosa. Kosa ni jambo jingine. Tume ya Papa ya Biblia, mwaka 1993, ililionyesha kwa maneno makali: mtu asiyekubali kwamba Neno la Mungu liliandikwa na wanadamu, kwa lugha na desturi za siku zao, aalikwa kuua akili yake. Wafratri wetu wanaosoma Maandiko Matakatifu katika seminari kubwa wayajua hayo. Hapa tutatumia neno «ushupavu wa dini», maana makatekista wetu walielewa mara moja tulipolitamka.

Sasa tuseme juu ya Kanungu.

Kanungu ni mahali pa Uganda, upande wa kusini-magharibi, karibu na mpaka wetu wa Rutshuru. Siyo inchi ya mbali. Watu wa kule wanalima ndizi na maharagwe kama watu wa milima yetu ya Kivu, na wengi ni Wakatoliki waliofundishwa na Mapadri Weupe kama sisi tulivyofundishwa. Tarehe 17 Machi 2000, siku ya Ijumaa wakati wa Kwaresima, jengo la sala la chama kilichoitwa Chama cha Kurudisha Amri Kumi za Mungu liliwaka moto. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao kwa misumari. Watu mia kadhaa walikuwa ndani, na watoto wengi kati yao. Hesabu ya kweli haikupatikana, maana miili ilikuwa imeungua mno. Wiki zilizofuata polisi wakafukua mashimo katika nyumba nyingine za chama kile, Buhunga, Rugazi, Rushojwa, na Buziga karibu na Kampala, wakakuta maiti nyingine mia nyingi. Jumla ilipita 700.

Magazeti ya dunia yote yaliandika habari hiyo, na mengi yaliiandika kama habari ya wapagani au ya watu wajinga wa porini. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulisahihisha. Wale hawakuwa wapagani. Wengi sana kati yao walikuwa Wakatoliki wenye ibada, watu wa rozari, watu wa kufunga, na wakubwa wao walikuwa watu ambao mapadri wa parokia yoyote wangewaweka katika kamati bila kusita.

Mmoja wao ni Joseph Kibwetere. Alizaliwa mwaka 1932. Alikuwa mwalimu na msimamizi wa mashule ya Kikatoliki, mtu wa chama cha siasa cha Wakatoliki wa Uganda, mwenye shamba na ng'ombe, mwenye mke na watoto wengi. Alitoa kiwanja cha kujengea shule. Padri akitafuta Mkristu wa kuonyesha watu kama mfano, angemtaja Kibwetere. Mwingine ni Credonia Mwerinde, mwanamke wa Kanungu kwenyewe, mzaliwa wa 1952, ambaye zamani aliuza pombe ya ndizi. Yeye alisema kwamba mwaka 1988 Bikira Maria alimtokea katika pango la Nyabugoto. Wataalamu wengine wasema kwamba pango lile, tangu zamani za wazee, lilikuwa mahali pa kumwomba Nyabingi, yule pepo mwenye nguvu wa milima ile. Baba yake Credonia pia alikuwa mtu wa maono. Mwaka 1989 Credonia na wenzake walikutana na Kibwetere, na Kibwetere akawapokea nyumbani kwake. Walikaa pale mpaka mwaka 1992, ndipo jamaa ya Kibwetere wakawafukuza, nao wakahamia Kanungu katika ardhi ya baba wa Credonia. Kibwetere aliwafuata. Mkewe alibaki nyumbani. Huyo mke pia alikuwa Mkatoliki mwenye ibada, naye mwanzo alikuwa pamoja nao. Tutarudi kwake.

Wa tatu ndiye anayetutisha sisi mapadri. Ni Padri Dominic Kataribabo wa jimbo la Mbarara. Alikuwa mkubwa wa seminari ndogo ya Kitabi. Aliendelea na masomo ya dini Marekani, katika universite ya Loyola Marymount, Los Angeles, akapata diploma yake mwaka 1987. Alisoma teolojia. Alifundisha wale ambao leo ni mapadri. Aliporudi aliingia katika chama cha Credonia, pamoja na mapadri wengine wawili au watatu. Katika nyumba yake ya Rugazi, chini ya sakafu na katika bustani, polisi walikuta maiti zaidi ya 150. Ilijulikana pia kwamba kabla ya moto alinunua asidi, akisema ni ya kutia katika betri.

Ndugu wafratri, mtu asikudanganyeni kwamba diploma ya teolojia ni ngao. Ingalikuwa hivyo, Rugazi isingalikuwa na makaburi yale.

Je, chama kile kilifundisha nini? Mtu akisikia mafundisho yale ya mwanzo, hawezi kuona kosa. Walisema dunia imeacha Amri Kumi za Mungu, sharti tuzirudie. Nani atakataa? Walisema sala imepungua, na mapadri wamekuwa wavivu. Hilo nalo si uongo mtupu. Walisema SIDA ni adhabu kwa ajili ya uzinzi. Miaka ile hapakuwa na nyumba katika Uganda ya magharibi isiyokuwa na kaburi jipya. Inchi ilikuwa imepita katika utawala wa Idi Amin, halafu vita, halafu ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Mjane aliyeachwa na mume aliyekufa kwa SIDA, bila ardhi, huku ndugu za mume wakimsema kuwa mchawi, alipata pale Kanungu chakula, sala, na watu waliomwita ndugu. Tuseme ukweli: alipata kitu ambacho huenda alikikosa katika parokia yake.

Halafu amri zikaanza kuzaa amri nyingine. Amri ya sita yakataza uzinzi. Basi hata watu wa ndoa wakatazwe kulala pamoja. Amri ya nane yakataza kushuhudia uongo, na mtu asiyesema hawezi kusema uongo. Basi watu wanyamaze. Kwa hiyo wakaacha kusema, wakatumia ishara za mikono. Walikula mara moja tu katika siku fulani za juma. Wakakataza hata sabuni. Waliingia wakiuza mali yao na kuleta fedha. Watoto walitengwa na wazazi, waume na wake zao. Walivaa nguo za rangi kadiri ya cheo, nyeusi, kijani, nyeupe. Walifungua shule ya watoto, na serikali ikaifunga mwaka 1998 kwa sababu ya uchafu na hali mbaya ya watoto.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Amri ya nane ilitolewa ili jirani asiangamizwe kwa uongo. Ni amri ya kumlinda jirani. Watu wa Kanungu waliigeuza ikawa amri ya kuilinda nafsi yangu mimi nisiwe na doa. Kwa ajili hiyo jirani akaondolewa kabisa: siwezi kumdanganya, maana sisemi naye. Tazameni vilevile amri ya sita: iliwekwa kwa ajili ya ndoa, nao wakaivunja ndoa ili kuitimiza amri. Twafikiri hapo ndipo mwenye ibada anapovuka mto. Hakuvuka kwa kupenda sheria kupita kiasi. Alivuka siku ile alipoisahau kazi ya sheria, yaani alipomsahau mtu ambaye sheria iliwekwa kwa ajili yake. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Mafarisayo nao hawakuwa watu wabaya, tena walikuwa watu wa sala kuliko wengi.

Lakini jibu hilo halitoshi. Wako wamonaki wanaonyamaza maisha yao yote, wanafunga kuliko watu wa Kanungu, nao hawakuchoma mtu. Kwa nini? Kwa sababu mmonaki ana abate, abate ana kanuni, kanuni ina Kanisa juu yake. Mmonaki akisema «Bikira amenitokea», jambo la kwanza ataambiwa aende jikoni akaoshe sahani.

Linganisheni Kanungu na Kibeho. Wakati ni ule ule, na milima ni jirani. Kibeho, katika Rwanda, maono yalianza tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana. Hapo nako palikuwa na watu wa maono wengi, wa kweli na wa uongo, na makutano makubwa ya watu. Askofu wa Butare hakuwafukuza, wala hakuwasifu. Mwaka 1982 aliweka tume mbili, moja ya waganga, nyingine ya wateolojia. Waganga waliwachunguza wasichana miili na akili, wateolojia walisikiliza maneno. Ruhusa ya ibada ya watu mahali pale ilitolewa mwaka 1988, na maono yenyewe hayakutambuliwa ila tarehe 29 Juni 2001, na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro. Miaka karibu 20! Tena kati ya wengi waliosema wameona, alitambua watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Wale wasichana walikubali kuulizwa, kuchomwa sindano, kuchekwa. Credonia hakukubali kuulizwa. Askofu wa Mbarara alipowakataza mapadri wale kazi yao, wao walisema Kanisa limekosa, Bikira amekwisha kusema nasi mwenyewe.

Padri mmoja wao, Paul Ikazire, aliondoka mwaka 1994 na kurudi katika Kanisa. Tunamtaja kwa furaha, maana kurudi ni kazi ngumu. Mtu aliyewaongoza watu kwa miaka kadhaa, akisema hii ndiyo njia ya mbinguni, kisha asimame mbele ya askofu aseme «nilikosa»! Wengine waliona kwamba ni rahisi kwenda mbele kuliko kurudi.

Ndipo ikaja siku ya mwisho wa dunia. Walikuwa wamesema itakuwa mwisho wa mwaka 1999. Tarehe 31 Desemba ikapita, jua likachomoza kama kawaida. Watu waliouza ng'ombe na mashamba wakaanza kuuliza mali yao. Hapo watu wa serikali na wachunguzi wengi waona chanzo cha mauaji: wakubwa walitaka kuwanyamazisha waliouliza. Siku chache kabla ya moto palifanywa karamu, nyama ya ng'ombe na kreti za soda. Mapadri wenzetu wa Uganda waliotueleza habari hiyo hulitaja jambo la soda kwa huzuni kubwa. Watoto waliokuwa wakilala na njaa walifurahi sana siku ile.

Juu ya maiti za mashimoni kuna mashindano kati ya wataalamu. Richard Vokes, aliyekaa sana katika sehemu zile na kuandika kitabu mwaka 2009, afikiri kwamba wengi wa wale waliozikwa mashimoni hawakuuawa kwa mikono, walikufa kwa malaria na kwa kusongamana, wakazikwa kimya. Sisi hatuwezi kuamua. Lakini tukikubali maneno yake, hali haipungui ubaya: watu mia nyingi walikufa kwa ugonjwa ambao kidonge huuponya, na ndugu wa imani wakawazika usiku bila kuita mtu. Serikali ilitoa hati za kuwakamata wakubwa sita. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyepatikana.

Jambo hili si la Afrika peke yake wala la siku zetu. Waseminari wanaosoma historia ya Kanisa humkuta Tertuliano wa Kartago. Nani alilitetea Kanisa kama yeye? Ni yeye aliyetupatia katika Kilatini maneno mengi tunayotumia mpaka leo juu ya Utatu Mtakatifu. Basi karibu na mwaka 207 alijiunga na wafuasi wa Montano, yule mtu wa Frigia aliyesema kwamba Roho Mtakatifu anasema kwa kinywa chake, pamoja na manabii wake wanawake Priska na Maksimila, na kwamba Yeruzalemu mpya itashuka Pepuza. Tertuliano hakuvutwa na uvivu au anasa. Alivutwa na ukali. Wale walifunga zaidi, walikataza mjane kuolewa tena, walikataza kukimbia wakati wa madhulumu. Kanisa, lililowapokea tena wakosefu baada ya kitubio, lilimwonekania kuwa legelege. Twafikiri hata leo mtu mwenye bidii huanza kulichoka Kanisa kwa sababu hiyo hiyo: linasamehe sana, na ndani yake wamo walevi, wazinzi, wavivu na sisi.

Kwa wenzetu wa Kenya habari ni mpya zaidi. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, wilaya ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri aliyekuwa zamani dereva wa taksi. Aliwaambia waache shule, waache lopitali, waache vitambulisho vya serikali, halafu wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yezu. Maiti zilipita 400, watoto wengi sana. Hao hawakuwa Wakatoliki. Twalisema hilo bila kujivuna, maana Kanungu ilikwisha kutunyang'anya haki ya kujivuna. Tena sisi wa upande huu hatukusahau Noeli ya mwaka 2008, wakati watu wa Joseph Kony walipoua mia nyingi za Wakristu wa Faradje, Doruma na vijiji vingine vya Uele. Jeshi lile lilijiita la Bwana.

Mzee wetu katekista aweza kusema: Padri, Anuarite naye alishika amri ya sita mpaka kufa. Yeye hakuwa mshupavu? Tunafurahi akiuliza hivyo. Mwaka 1964, huko Isiro, Anuarite alikataa kuvunja nadhiri yake, na aliyemuua alisikia kutoka kwake maneno ya msamaha. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri katika Kinshasa. Mfia dini hufa yeye. Hamfungii mtoto wa mwenzake katika nyumba inayowaka. Katika saa ile ya mwisho Anuarite alikuwa akiwahangaikia masista wenzake na akimwombea muuaji. Jirani alikuwa bado mbele ya macho yake. Tofauti hii ni kubwa, lakini kwa nje, katika miaka ya kwanza, mfia dini na mshupavu waweza kufanana kama ndugu. Wote wawili husali sana, hufunga, hawaogopi watu. Ndiyo maana twakosea mara nyingi.

Sisi wenyewe tulikosea, hapa Marabo, na sasa tutasema kwa nini neno la mzee lilituchoma.

Watu wa huku wameona mengi. Sisi tulikuwa watoto wakati wa vita vya Ituri, na twakumbuka Septemba 2002, Nyankunde, walipouawa hata wagonjwa katika vitanda vyao. Watu waliokimbia mara tatu, mara nne, hutafuta ishara. Wataka mtu awaambie: sababu ni hii, mwisho ni siku hii. Katika hali hiyo alikuwako mama mmoja wa kundi la sala, mtu wa ibada ya kweli. Hatutamtaja. Alikuja Misa kila siku, mvua ama jua. Alifunga Jumatano na Ijumaa, halafu akaongeza Jumatatu. Dominika moja, katika mahubiri, tulimtaja mbele ya watu wote. Tulisema: «Mama huyu atuaibisha sisi wote. Kama wote wangekuwa hivi, vita vingekwisha.» Watu wakapiga makofi.

Baadaye tuliona kwamba hakai tena na wengine baada ya Misa. Alisema kundi lina watu wachafu. Akaanza sala nyumbani kwake, na watu saba au wanane walimfuata. Tuliambiwa, nasi tukasema moyoni: afadhali sala kuliko pombe. Hatukwenda kuona. Kisha mtoto wake akashikwa na homa. Mama akasema kwamba amepewa neno, wafunge siku tatu na mtoto asipewe dawa, na mtoto naye afunge. Usiku wa pili bibi ya mtoto, mama wa mume, mwanamke asiyejua kusoma na ambaye twamwona Misani mara mbili kwa mwaka, alimchukua mtoto mgongoni, akalipa moto kwa fedha ya maharagwe, akampeleka lopitali. Mtoto alipona.

Tulipofika nyumbani kwa yule mama, hakutukaribisha. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya upole: «Padri, si ni wewe mwenyewe uliyenisifu?» Hatukuwa na jibu.

Tulikaa na neno hilo muda mrefu. Tukiwa katika seminari, sisi nasi tulikuwa na Kwaresima moja ya kufunga sana, na wenzetu walitustaajabia. Padri wetu wa roho alituita, akauliza: «Mfratri mwenzako wa kitanda cha jirani aitwaje kijiji chake? Baba yake yu hai?» Hatukujua. Akasema: «Basi kuanzia leo utakula pamoja naye, kila chakula, mpaka ujue.» Tulikasirika. Ni dawa ile ile ambayo tungalimpa mama yule, tungalikuwa na akili ya kwenda kwake mapema, badala ya kumpigia makofi kanisani. Kazi ya padri kwa mwenye bidii si kumsifu, wala kumcheka. Wenzetu wengine humcheka, nao ni wabaya vilevile. Kanungu ilipata watu wengi waliochekwa na mapadri wao. Askofu aliwakataza mapadri wale, ndiyo, na alikuwa na haki. Lakini nani alikwenda kwa wale wajane?

Tulisema tutarudi kwa mke wa Kibwetere. Yeye alisali sala zile zile, aliamini mwanzo kama mumewe, alikaa na watu wale nyumbani mwake miaka mitatu. Kilichomtoa, kadiri tunavyosoma, hakikuwa hoja ya teolojia. Aliona watoto wakipigwa na kunyimwa chakula nyumbani mwake, na hilo hakuweza kulikubali. Padri mwenye diploma ya Los Angeles aliona mambo yale yale.

Mwezi uliofuata tulimjibu mzee katekista mbele ya wenzake, karibu kama tulivyoandika hapa, na habari ya mahubiri yetu hatukuificha. Alikaa kimya sana. Hakusema kwamba amekubali. Aliuliza neno moja tu: «Yule mama, Padri, sasa anasali na nani?»

Tukamwambia kwamba wale saba wamemwacha, anasali peke yake.

«Basi Jumatano nitakwenda na mke wangu,» akasema. «Tutabeba mihogo. Wewe, Padri, ungoje kwanza.»